Haya isitutangulize makaburini: Wanaume tupime tezi dume mapema



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyetukabidhi miili yetu ikiwa amana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wiki hii naomba ruhusa yako nizungumzie jambo ambalo wanaume wengi hulisema kwa mafumbo, au hatulisemi kabisa. Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe.

Katika msikiti wetu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa muadhini kwa miaka mingi. Sitamtaja jina, kwa kuwa familia yake ipo na inastahiki sitara. Sauti yake ndiyo iliyotuamsha alfajiri tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, na kwake ndiko nilikosomea Juzuu Amma. Mahali pake pa kuswalia palijulikana: safu ya kwanza, nyuma ya imamu, upande wa kulia kidogo. Mwaka mmoja tukaanza kumwona safu ya pili, kisha ya nne, na mwisho akahamia safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango unaotokea kwenye mabomba ya kutawadhia. Siku nyingine imamu alitoa salamu mzee hayupo, ametoka katikati ya swala. Alikuwa akitawadha mara mbili au tatu kwa swala moja.

Baadhi ya watu walisema amekasirika kwa sababu kamati ilinunua vipaza sauti vipya bila ya kumshauri. Wengine walisema ni uzee. Kisha akaja kwangu kuomba apumzishwe kazi ya kuadhini. Mimi, katibu, niliandika katika muhtasari wa kikao kwamba mzee wetu ameomba kupumzika kwa sababu ya umri. Sikumwuliza neno. Nikamwandikia barua ya shukrani, kamati ikamzawadia kanzu na msala, tukaona tumetimiza wajibu wetu.

Miezi minane baadaye mgongo ukaanza kumuuma. Alikandwa, akachuliwa kwa mafuta, akanyweshwa dawa za mizizi kwa kuwa aliambiwa ana ngiri. Siku miguu yake ilipokataa kumbeba ndipo wanawe walipompeleka hospitali. Ilikuwa saratani ya tezi dume, nayo ilikwisha kufika kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Nilipokwenda kumtazama alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, nilijua kuna kitu. Niliona haya kumwonyesha mtu." Hakumaliza mwaka. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na mimi ndiye niliyeandika tangazo la msiba wake. Allah amrehemu na ampanulie kaburi lake.

Tangu siku hiyo mstari ule niliouandika katika muhtasari hunirudia mara kwa mara. Ugonjwa ulipita mbele ya macho yetu, safu baada ya safu, nasi tukauita umri.

Tezi dume na ukimya wake

Tezi dume ni kiungo kidogo alichoumbiwa kila mwanamume. Kwa kijana ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija unaotoa mkojo kibofuni hupita katikati yake mfano wa uzi unaopita ndani ya ushanga. Kazi yake kubwa ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi.

Kiungo hiki hupatwa na matatizo ya aina tatu. La kwanza ni maambukizi, ambayo huweza kumpata hata kijana, yakaleta homa na maumivu. La pili ni kukua kwa tezi kadiri umri unavyosogea. Huku si saratani, na huwapata wanaume wengi waliovuka miaka 50. La tatu ni saratani yenyewe.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwanamume alishike, hata akisahau yote mengine. Ule ukuaji wa kawaida wa uzee huanzia sehemu ya ndani ya tezi, inayouzunguka mrija wa mkojo, na kwa hiyo humsumbua mtu mapema: anaamka mara nyingi usiku, mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa udhaifu, na akimaliza anahisi bado haujaisha. Saratani aghalabu huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija huo. Hukua polepole bila ya kubana kitu na bila ya maumivu. Mwanamume anakojoa vizuri, analala vizuri, anafanya kazi zake, na ugonjwa umo ndani yake. Dalili za saratani zinapojitokeza, kama vile damu katika mkojo au katika manii, maumivu yasiyoisha ya kiuno, nyonga na mgongo, kukonda bila ya sababu, au miguu kufa ganzi, mara nyingi huwa imekwisha kukua sana au kutoka nje ya tezi.

Kwa hiyo anayesema "siumwi, kwa nini nipime?" amelielewa jambo kinyume. Wakati mzuri wa kupima ni huo huo ambao haumwi. Na mwenye dalili za mkojo asidhani moja kwa moja kuwa ana saratani, kwa kuwa wengi wao wana ukuaji wa kawaida tu wenye dawa zake. Lakini naye asikae nyumbani akajihukumia mwenyewe.

Ukubwa wa jambo hili

Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 wanaume wapatao 1,470,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, na wapatao 397,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa kuua wanaume. Mwaka 2024 jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la tiba la Lancet lilionya kwamba wagonjwa wapya watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi kufikia milioni 2.9 mwaka 2040, na kwamba nchi zenye kipato kidogo ndizo zitakazoelemewa zaidi.

Sisi wenye asili ya Afrika tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Nchini Uingereza, ambako takwimu huwekwa kwa makini, mwanamume mmoja kati ya wanane hugunduliwa kuwa na saratani hii katika maisha yake; kwa wanaume weusi wa nchi hiyo hiyo ni mmoja kati ya wanne. Aidha mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa kuzaliwa naye aliipata, hatari yake huwa takriban mara mbili ya mwingine. Hata saratani ya matiti kwa mama au dada inafaa kutajwa kwa daktari, kwa sababu zipo hitilafu za kurithi zinazoleta maradhi yote mawili katika ukoo mmoja.

Tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno. Kwa hesabu za Marekani, wanaume ambao saratani yao imegunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi au jirani yake, karibu wote huwa hai baada ya miaka mitano. Wale ambao imegunduliwa ikiwa imesambaa mbali, kama kwenye mifupa, wanaofika miaka mitano ni takriban theluthi moja tu. Umri wote umo mikononi mwa Allah, lakini ametuonyesha sababu, na ametutaka tuzifuate.

Haya iliyo ya imani

Najua jawabu la wazee wangu wengi: haya ni katika imani. Ni kweli, Mtume (s.a.w.) ndivyo alivyotufundisha. Basi tuangalie wenye haya iliyokamilika walifanya nini mambo ya mwili yalipowafika.

Sayyidna Ali bin Abi Talib (r.a.) alikuwa akitokwa na madhii kwa wingi. Alitaka kujua hukumu yake, lakini aliona haya kumwuliza Mtume (s.a.w.) mwenyewe kwa kuwa alikuwa mkwewe, amemuoa binti yake, Bibi Fatma (r.a.). Hakunyamaza kwa sababu hiyo. Alimwomba sahaba mwenzake, Mikdad (r.a.), amuulizie. Swali likafika, jawabu likarudi, na hadi leo tunalisoma katika milango ya twahara. Haya ya Ali ilimfanya atafute mtu wa kumpelekea swali, wala haikumfanya aliache swali lenyewe.

Bibi Ummu Sulaym (r.a.) naye alimwuliza Mtume (s.a.w.) waziwazi kuhusu josho la mwanamke aliyeota, akitanguliza kusema kwamba Allah haoni haya katika haki. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Ikiwa hao waliuliza mbele ya Mtume wa Allah, mimi na wewe tunashindwaje kumwuliza tabibu aliyefungiwa nasi mlango na aliyekula kiapo cha kutunza siri?

Wapo pia wasemao: "Lililoandikwa litakuwa." Naam, litakuwa. Lakini Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Sham akaambiwa kuna tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomwuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, alimjibu kuwa anaitoka qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Kipimo kimo katika qadari, na tiba imo katika qadari.

Kipimo chenyewe kikoje

Hofu kubwa ya wanaume ni kile kinachoitwa kipimo cha kidole, na nimewasikia vijana wakikifanyia mzaha hata mbele ya wazee. Basi ifahamike kwamba kwa kawaida hatua ya kwanza ni damu. Inachukuliwa damu kidogo mkononi, kama inavyochukuliwa kwa vipimo vingine, na maabara hutazama kiasi cha protini inayotengenezwa na tezi dume, ambayo kwa kifupi huitwa PSA. Kiwango kinachotumiwa na wengi kama alama ya kumfanya daktari achunguze zaidi ni 4, ingawa daktari hutazama na umri wa mtu.

Siku mbili kabla ya kipimo hicho jizuie na tendo la ndoa, na kama una kawaida ya kuendesha baiskeli, ipumzishe, kwa sababu mambo hayo huweza kupandisha kiwango hicho kwa muda. Ukiwa na maambukizi ya mkojo, yatibiwe kwanza. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba.

Kipimo cha kidole hufuata daktari akiona haja, na wapo wanaofanya vyote viwili, kwa kuwa damu peke yake huweza kupitwa na baadhi ya saratani. Daktari huvaa glavu, hupaka kilainishi, na kupitia njia ya haja kubwa hupapasa uso wa tezi kuona kama pana ugumu au kivimbe. Hakifiki dakika moja. Ile sehemu ya nje ambako saratani hupenda kuanzia ndiyo hiyo hiyo ambayo kidole hufika.

Ama kufunua tupu, mafakihi wetu wameruhusu kwa haja ya tiba kile ambacho bila ya haja hakiruhusiwi, kwa kiasi cha haja hiyo na si zaidi. Omba daktari mwanamume. Ni haki yako kuomba hivyo, na katika fani hii wengi wao ni wanaume. Baada ya kipimo cha kidole tawadha upya kabla ya kuswali. Kutoa damu kidogo hakubatilishi saumu. Lakini katika madhehebu ya Imam Shafi, inayofuatwa na wengi wetu, kuingiza kitu katika tupu ya nyuma hubatilisha saumu, basi aliyefunga apange kipimo hicho usiku au siku nyingine. Uchunguzi wa aina hii hauharibiki kwa kungoja siku chache.

Kuhusu umri, miongozo mingi inasema mwanamume azungumze na daktari wake kuhusu kupima afikapo miaka 50. Sisi wenye asili ya Afrika, na wenye baba au ndugu aliyeugua, tuanze miaka 45. Mwenye jamaa wa karibu zaidi ya mmoja walioipata mapema aanze miaka 40. Mzee sana, au mwenye maradhi mengine mazito, amwulize daktari kama kipimo kitamnufaisha, kwa kuwa saratani hii mara nyingi hukua polepole na si kila mtu atapata faida ileile.

Baada ya majibu

Kiwango cha PSA kikiwa juu, hiyo si hukumu ya saratani. Tezi iliyokua kwa umri hukipandisha, na maambukizi hukipandisha. Miongoni mwa wanaume ambao kiwango chao kipo kati ya 4 na 10, takriban mmoja tu kati ya wanne hukutwa na saratani anapochunguzwa zaidi. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuvitazama kwa hadubini. Kwa hiyo usikimbie ukisikia namba imepanda, wala usimruhusu mtu akupasue kwa namba moja ya damu peke yake.

Ikithibitika, bado kuna njia. Saratani ndogo isiyo kali huweza kufuatiliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara bila ya kuguswa, na hilo ni tiba inayokubalika. Nyingine hutolewa kwa upasuaji au huchomwa kwa mionzi. Iliyosambaa hupunguzwa kasi kwa dawa za homoni, kwa upasuaji wa kuondoa kokwa, au kwa dawa za saratani. Hapa nchini matibabu ya saratani yanapatikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na pia katika hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Kipimo cha damu kinapatikana katika sehemu nyingi zaidi ya hizo; anzia hospitali iliyo karibu nawe.

Sitaficha jambo linalowaogopesha wanaume wengi. Ni kweli kwamba upasuaji na mionzi huweza kudhoofisha nguvu za kiume au kumfanya mtu ashindwe kuuzuia mkojo, kwa muda au moja kwa moja. Mwulize daktari kabla ya kuamua, na mwulize ukiwa na mkeo. Lakini kuchelewa hakulindi kitu katika hayo. Tiba za ugonjwa uliosambaa huondoa nguvu hizo kwa hakika zaidi, na saratani yenyewe huondoa na mengine.

Na atakayepatwa na mkojo usiozuilika asiuache msikiti. Wapo wazee wanaokaa nyumbani kwa kuogopa matone, wakikumbuka hadithi ya yule aliyekuwa akiadhibiwa kaburini kwa kutojihadhari na mkojo. Hadithi hiyo inamhusu mzembe, si mgonjwa. Mwenye maradhi haya, ambayo mafakihi huyaita salasul-bauli, hujisafisha, hujifunga kitambaa au pedi, hutawadha baada ya wakati kuingia, kisha huswali faradhi yake bila ya kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Laiti ningemwambia hivyo muadhini wetu alipokuwa akitoka na kurudi.

Ngiri, mshipa na wauza chupa

Katika mitaa yetu kila ugonjwa wa chini ya kitovu cha mwanamume una majina mawili tu: ngiri na mshipa. Ukilalamika kiuno, umeambiwa ngiri. Ukilalamika mkojo, umeambiwa mshipa. Kisha chupa inatolewa, na muuzaji anaapa kuwa inatibu ngiri, tezi dume, sukari na nguvu za kiume kwa pamoja. Sisemi habatsauda na asali havina kheri, Mtume (s.a.w.) amevisifu, nasi tunavitumia. Ninachosema ni kwamba hakuna chupa inayopima. Jua kwanza una nini, halafu mwambie daktari unachotaka kunywa. Mzee wetu alipoteza miezi kwa tiba ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Mfano wa hadharani

Mwezi Novemba 2014, akiwa bado madarakani, Rais Jakaya Mrisho Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 64. Angeweza kufanya jambo hilo liwe siri ya Ikulu, lakini taifa liliarifiwa, naye mwenyewe akalizungumza na kuwahimiza wananchi wawe na desturi ya kupima afya zao. Zaidi ya miaka kumi imepita na bado tunamwona katika shughuli zake. Mzee Nelson Mandela naye aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, na aliishi hadi mwaka 2013. Utasema hao ni viongozi, hawakosi daktari wala nauli. Ni kweli, na ndiyo maana kupima mapema kuna maana zaidi kwetu tusio na uwezo: ugonjwa mdogo una gharama ndogo kuliko ugonjwa uliofika mifupani.

Wajibu wa nyumba na wa msikiti

Mama zangu na dada zangu, hili ni lenu pia. Mke ndiye anayejua mumewe ameamka mara ngapi usiku. Mmezoea kuhimizana kupima matiti na shingo ya kizazi, na mmeokoa wengi. Msiwaache waume zenu na baba zenu wajifiche nyuma ya neno "niko sawa". Mwambie kwa upole, faraghani, si mbele ya watoto wala mashoga.

Vijana, baba akianza kuulizia choo kiko wapi kila mnapofika mahali, msicheke. Uliza, au tafuta wa kumuulizia.

Na sisi wa kamati za misikiti tuna orodha za waumini wetu na tunajua nani amehama safu. Kamati yetu imekubaliana mambo matatu, nami nayaeleza hapa ili anayetaka ayachukue. Daktari mmoja katika jamaa zetu atazungumza na wanaume peke yao baada ya Isha, mara mbili kwa mwaka, bila ya mzaha na bila ya kipaza sauti cha nje. Sehemu ndogo ya mfuko wa maafa itamsaidia mzee asiye na nauli au gharama ya kipimo, na jina lake litajulikana na mweka hazina tu. La tatu ni langu: muumini akiomba kupumzika kazi yoyote ya msikiti, katibu atakwenda nyumbani kwake, akae, aulize hali, ndipo aandike muhtasari.

Nimalizie kwa baba yangu. Ana miaka 67 na anakaa kijijini. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimpigia simu, tukazungumza mvua, mihogo na wajukuu, na kila mara nikakata bila ya kulitaja neno. Mimi niliyesoma mlango wa twahara, na ninayekuandikia haya, ulimi wangu ulikuwa mzito kwa baba yangu mzazi. Ndipo nilipomkumbuka Mikdad. Nikampigia mjomba wangu, rafiki wa baba tangu ujana wao, nikamwomba anifikishie. Mjomba akacheka, kisha akakaa kimya kidogo, akasema: "Mwanangu, nitakwenda naye. Na mimi sijapima."

Walikwenda pamoja Jumanne, wakarudi na gari la jioni. Majibu ni yao na daktari wao, wala sitayaandika gazetini. Ijumaa baba alinipigia mwenyewe, akaniuliza: "Na wewe, zamu yako lini?" Nikamjibu kuwa bado miaka kadhaa, nami nimeiweka tarehe katika daftari la kamati, pamoja na za wenzangu.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, na utupe haya inayotukaribisha Kwako bila ya kutuangamiza. Amin.

Wabillahi tawfiq.